Sultani Hasan bin Sulaiman wa Kilwa na Msikiti Ulioanguka

Nahodha aliyetoka Sofala zamani kwa pepo za kusi, akiisha kuviacha nyuma visiwa vya Wibu na Kirimba, akapita mbele ya mahali paitwapo leo Mocímboa da Praia, kisha akaikata ghuba ya Tungi, alifika mahali ambapo pwani huchomoza baharini kama kiwiko cha mkono. Wareno walipaita hapo Cabo Delgado, nasi twapaita Rasi Delgado. Mkondo mkuu wa bahari utokao mashariki hupiga pwani karibu na rasi hiyo, ukagawanyika pande mbili. Mmoja hushika njia ya kaskazini, ukapita mdomo wa mto Ruvuma na kuelekea Mikindani, Lindi na Kilwa. Mwingine huteremka kusini kuelekea Kisiwa cha Msumbiji. Chombo kilichokwisha kuipita rasi salama kilikuwa kama kimeshikwa mkono na bahari yenyewe ili kipelekwe nyumbani. Zilibaki kilomita zipatazo 200 tu kufika Kilwa.

Twaanza na rasi hii ya kaskazini ya Msumbiji kwa sababu mtu tunayekusudia kueleza maisha yake leo aliishi kwa yale yaliyopita mbele yake. Kiti chake kilikuwa Kilwa Kisiwani, lakini mali yake ilitoka kusini, na kila shehena iliyoingia katika ghala zake ilikuwa imekwisha kuonwa kwanza na wavuvi wa Kirimba na Tungi. Mtu huyo ni Sultani Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu mwaka 1310 hivi mpaka mwaka 1333 hivi, na ambaye watu wa zama zake walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Hiba. Neno letu la hiba na lakabu hiyo vimetoka katika shina moja la Kiarabu, kwa hiyo hapana haja ya kulifafanua zaidi kwa msomaji wa Kiswahili.

Habari zake zimetufikia kwa njia tatu. Ya kwanza ni kitabu cha habari za Kilwa kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, na ambacho nakala yake ilipatikana Unguja katika karne ya 19. Habari kama hizo zimo pia katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichopigwa chapa mwaka 1552. Ya pili ni masimulizi ya Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyemwona Sultani huyu kwa macho yake mwaka 1331. Ya tatu ni mawe yenyewe. Tungependa msomaji akumbuke tangu sasa kwamba njia hizi tatu hazisemi neno moja. Vitabu vyamsifu. Mawe yana mengine ya kusema.

Hasan alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ambao asili yao yahesabiwa kuwa Yemen, na ambao walishika utawala wa Kilwa kiasi cha mwaka 1277 wakati wa babu yake, Hasan bin Talut. Yeye basi alikuwa wa kizazi cha tatu. Akiwa bado kijana aliondoka nchini kwenda kuhiji. Njiani alikaa Aden kwa muda wa miaka miwili akisoma elimu ya dini, kisha akaenda Makka. Alipokuwa ugenini nchi ilishikwa na ndugu yake, Daud bin Sulaiman. Hasan aliporejea, Daud alimwachia kiti bila ya vita. Jambo hili kitabu cha Kilwa chalitaja kwa maneno machache, lakini sisi twaliona kubwa. Katika falme nyingi za zama zile, ndugu aliyekwisha kuonja utamu wa kiti hakukiacha ila kwa panga.

Hapana shaka safari ile ilimfungua macho. Aden ilikuwa bandari ya dunia nzima, na Makka ilikuwa mahali pa kukutana na watu wa Misri, Iraki, Uajemi na Bara Hindi. Kijana aliyetoka katika mji wa vyumba vyembamba aliona kumbi pana, kuba na mabehewa yenye maji. Yaonekana alirudi na mambo mawili moyoni: ucha Mungu, ambao Ibn Battuta aliushuhudia, na hamu ya kujenga.

Uwezo wa kuitimiza hamu hiyo ulitokana na upepo. Pepo za kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi, zikateremsha vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Pepo za kusi huvuma kuanzia Aprili mpaka Septemba, zikavirudisha. Chombo kilichotoka Arabuni kiliweza kufika Kilwa, kikauza na kununua, kikarudi kwao katika msimu mmoja. Kikijaribu kuendelea kusini kupita Rasi Delgado, kilikuwa katika hatari ya kukosa upepo wa kurudi na kukaa mwaka mzima ugenini. Kwa sababu hiyo Kilwa ilikuwa mwisho wa bahari ya wageni na mwanzo wa bahari ya wenyeji. Manahodha wa Kilwa na wa visiwa vya kusini ndio waliokwenda Sofala na kurudi na dhahabu iliyotoka bara, katika nchi iliyo leo Zimbabwe. Ibn Battuta aliambiwa na mfanyabiashara mmoja kwamba kutoka Kilwa hadi Sofala ni mwendo wa nusu mwezi. Mwenye Kilwa hakuwa na haja ya kuchimba dhahabu hata chembe moja. Ilimtosha kukaa mlangoni na kutoza ushuru.

Wamwani wa pwani ya Cabo Delgado, ambao jina lao lenyewe lina maana ya watu wa pwani, husema lugha iliyo ndugu wa Kiswahili, na katika visiwa vyao nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, kama zilivyojengwa Kilwa na Lamu. Hatuoni kuwa hilo ni jambo la bahati. Njia ya dhahabu ilikuwa pia njia ya maneno, ya sala na ya ufundi wa uashi.

Sasa na tumtazame Sultani kama alivyoonwa na mgeni wake. Ibn Battuta alifika Kilwa kutoka Mogadishu kwa njia ya Mombasa. Aliuona mji kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vema, akasema kuwa majengo yake yalikuwa ya miti na mapaa ya majani. Wako wataalamu waliotatizwa na usemi huo kwa kuwa Kilwa yajulikana kwa majengo ya mawe. Sisi hatuoni tatizo kubwa. Msafiri yule alisimulia safari zake baada ya miaka zaidi ya 20, naye aliuona mji mzima, si nyumba za wakubwa peke yake. Watu wengi wa Kilwa waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti. Nyumba za mawe ndizo zilizodumu, na zile za udongo zimerudi kuwa udongo. Nasi leo twaukumbuka mji kwa zile chache.

Mgeni alimkuta Sultani mtu mnyenyekevu. Aliketi na mafakiri, akala nao, akawaheshimu wanazuoni na masharifu. Masharifu walimjia kutoka Hijazi, Iraki na kwingineko, kwa kuwa alikuwa amewatengea fungu katika hazina yake. Ibn Battuta aeleza kwamba siku moja ya Ijumaa, yeye mwenyewe akiwapo, Sultani alikuwa akitoka msikitini kwenda nyumbani. Fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani hakukasirika. Alirudi akaingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, na zile za kwanza akampa fakiri, naye akazifunga akazitwika kichwani na kwenda zake. Watu walistaajabu, wakamsifu sana mtawala wao.

Wasimulizi wengi wa kisa hiki hukomea hapo. Kina sehemu ya pili. Mwana wa Sultani, aliyekuwa mrithi wake, alizichukua nguo zile kwa fakiri na kumpa badala yake watumwa 10. Sultani alipopata habari jinsi watu walivyofurahi kwa kitendo chake, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta ataja pia mahali watumwa hao walipotoka: Sultani alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi za bara, akateka mali na watu, na kutoka katika nyara hizo akatenga khumusi, yaani sehemu ya tano, kwa matumizi yaliyoamriwa na sheria.

Hapa hapana budi tusimame kidogo. Watu 20 walitoka mkononi mwa mtu mmoja wakaingia mkononi mwa mwingine mchana mmoja wa Ijumaa, kwa sababu ya kanzu. Jina la fakiri hatukupewa, wala majina ya watu wale 20. Lakini fakiri walau aliomba, akapewa, akaenda kwao tajiri. Wale wengine walikuwa na mashamba yao, na wazee, na watoto, mpaka siku walipoingiliwa. Hatusemi kwamba Sultani Hasan alikuwa mbaya kuliko watawala wengine wa karne ya 14, iwe Afrika, Arabuni au Ulaya. Pengine alikuwa mwema kuliko wengi wao. Lakini Baba wa Hiba alitoa katika vitu viwili: ushuru wa dhahabu ambayo hakuichimba, na watu ambao hawakuwa wake. Msomaji wa pwani hii, ambayo karne nyingi baadaye ilikuja kupoteza maelfu ya watu wake katika biashara ya utumwa, kutoka Wibu hadi Kilwa Kivinje, ana haki ya kukisoma kisa cha fakiri pamoja na sehemu yake ya pili.

Tuyageukie majengo, kwani hayo ndiyo yaliyolidumisha jina lake kuliko hiba zote.

Mwashi wa pwani ana vifaa vichache. Ana jiwe la matumbawe, lililo la namna mbili. Lile la nchi kavu ni gumu lenye ncha ncha, nalo hutumika katika kuta. Lile la baharini likitolewa majini lingali bichi huwa laini, huchongeka kwa tezo na patasi kama mti, na likikaa hewani hukauka likawa gumu; hilo hutumika kwa mihrabu, nakshi na miimo ya milango. Ana chokaa, inayopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Ana boriti za mikoko. Na boriti ndiyo bwana wa nyumba. Mkoko ulio mnyofu na wenye nguvu ya kubeba dari ya mawe na chokaa hautoi boriti ndefu ya kuzidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, iwe Lamu, Kilwa au Wibu, ni virefu lakini vyembamba. Mtu aweza kuwa tajiri apendavyo. Upana wa chumba chake huamuliwa na mti wa pwani.

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza kujengwa katika karne ya 11 au ya 12. Ulikuwa ukumbi mmoja usio mkubwa, usio na behewa wazi, nao wahesabiwa kuwa miongoni mwa misikiti ya mwanzo iliyoezekwa yote. Nguzo zake zilikuwa 9, katika safu tatu, na dari yake bapa iligawanyika katika sehemu 16. Makka iko kaskazini ya Kilwa, kwa hiyo mihrabu iko katika ukuta wa kaskazini. Aliyetaka kuupanua msikiti ilimpasa kuuongeza kwa nyuma, upande wa kusini, na ndivyo alivyofanya Hasan bin Sulaiman.

Ukumbi alioujenga uliupita ule wa kwanza kwa mbali: dari yake ilikuwa na sehemu 30. Hakutaka tena kutawaliwa na boriti. Juu ya ukumbi aliweka kuba na matao ya mawe na chokaa. Pembeni akaongeza chumba chenye kuba moja kubwa, ambacho hukumbukwa kuwa mahali pa Sultani pa kusalia, na kuba hiyo haikupata mwenzake kwa ukubwa katika pwani yote ya Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Na nguzo za ukumbi, zile zilizobeba uzito huo wote, hakuzijenga kwa mawe madogo yaliyoshikizwa kwa chokaa. Kila nguzo ilikuwa jiwe moja la matumbawe, limechongwa pande nane.

Mwenye kupenda majengo hawezi kukosa kusisimka akifikiri kazi hiyo. Jiwe refu namna hiyo ilibidi litafutwe lisilo na ufa, likatwe kwa maji kupwa, livutwe ufukoni, lichongwe kabla halijakauka, kisha lisimamishwe wima bila ya kuvunjika. Mafundi wa Uyunani ya kale walijaribu jambo kama hilo kabla yao. Huko Korintho liko hekalu la Apollo, lililojengwa kiasi cha mwaka 540 kabla ya Kristo, ambalo nguzo zake ni za jiwe moja moja, na 7 kati yake zimesimama mpaka leo. Baadaye Wayunani waliona ni nafuu kupanga nguzo kwa vipande vizito vya mviringo, kimoja juu ya kingine, kama walivyofanya Athene katika hekalu la Parthenon kati ya mwaka 447 na mwaka 432. Lakini iko tofauti moja kubwa. Nguzo ya Kiyunani ilikuwa nene, tena ilibeba mhimili wa jiwe uliolala bapa juu yake, na uzito wote ukashuka moja kwa moja chini. Kuba na tao hazina tabia hiyo. Hizo hubonyeza chini na wakati uo huo husukuma kwa kando, usiku na mchana, bila ya kuchoka. Nguzo nyembamba ya jiwe moja huweza kuubeba mzigo unaoshuka; ukisukumwa ubavu wake, huinama, na ikiinama moja, zote zimekwisha.

Wakati msikiti ukipanuliwa, au karibu na wakati huo, Sultani alikuwa na kazi nyingine kubwa zaidi. Mashariki ya mji, juu ya gema linaloitazama bahari, alijenga jumba ambalo watu wa Kilwa huliita Husuni Kubwa. Jina lina maana ya ngome, lakini ngome halikuwa. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100. Ngazi zilipanda kutoka ufukoni; yalikuwapo mabehewa kadhaa, moja likiwa na madaraja ya kukalia watu waliokuja mbele ya Sultani; zilikuwapo kuta zenye vishubaka, na dari za kuba zilizofinyangwa kwa mikunjo na nyingine zilizochongoka. Liko birika la kuogea la pande nane, lililochimbwa mahali pa kuwatazamisha watu bahari iliyo chini. Upande wa kusini liko behewa kubwa mno lililozungukwa na vyumba, ambalo wataalamu wengi hulihesabu kuwa la biashara na ghala. Jiwe lenye maandishi lililopatikana humo lamtaja Sultani Hasan kwa jina lake na kwa cheo cha mfalme mwenye kunusuriwa, na vigae vilivyofukuliwa vyaonyesha kuwa vyombo vya China vilifika katika meza yake.

Hatukujua kitu kama hicho mahali pengine popote kusini ya Sahara kwa karne ile, ukiacha habari za Mansa Musa wa Mali, aliyepita Misri na dhahabu yake mwaka 1324 akienda Makka, na ambaye naye alirudi akajenga misikiti. Bara moja, kizazi kimoja, wahiji wawili wenye dhahabu, na wote wawili wakarudi na hamu ya kuba na kuta. Huenda tukaandika siku nyingine juu ya ulinganifu huo.

Wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Neville Chittick walifanya kazi Kilwa katika miaka ya mwisho ya 1950 na ya 1960. Walipoifukua Husuni Kubwa walikuta kwamba haikumalizika kujengwa, wala haikukaliwa kwa muda mrefu. Sehemu fulani hazikufikishwa mahali zilipokusudiwa, na ziliachwa hivyo. Mwenye nyumba alikufa, na waliomfuata hawakuwa na mali au hawakuwa na hamu.

Aliyemfuata alikuwa Daud, ndugu yake yule yule aliyewahi kumwachia kiti. Ibn Battuta alipata habari zake baadaye, naye ameacha sifa mbaya juu yake: kwamba waombaji walipomjia aliwajibu kuwa mwenye kutoa amekwisha kufa, wala hakuacha kitu cha kutoa, na kwamba aliwakalisha kwa miezi mingi na mwisho akawapa kidogo, mpaka wageni wakaacha kuja. Sisi twamwonea Daud huruma kidogo. Mtu aliyerithi hazina iliyopasuliwa na majengo mawili makubwa na hiba zisizo na hesabu, tena akakuta msururu wa wageni mlangoni, angesema nini? Wasimulizi waliozoea kupewa si waamuzi wema wa mtu asiyetoa.

Fedha za Sultani Hasan, yaani sarafu zake, zilisafiri mbali kuliko yeye. Nyingi zilikuwa za shaba, ndogo, zenye maneno yaliyolinganishwa vina: upande mmoja jina lake na upande wa pili kumtegemea Mungu. Sarafu moja ya namna hiyo ilifukuliwa katika Zimbabwe Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndani kabisa ya bara, mahali ambapo mikono iliyoipitisha ilikuwa imekwisha kuipita Rasi Delgado, Kirimba, Msumbiji na Sofala. Zipo pia sarafu tatu za dhahabu zenye jina lake, ambazo habari zake zilichapishwa na wataalamu mwaka 1991. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba mwenye dhahabu yote ile hakupata kupiga sarafu ya dhahabu.

Na msikiti? Ulianguka. Kitabu cha habari za Kilwa chaeleza kuwa tangu zama za Abu al-Mawahib msikiti wa Ijumaa ulikuwa gofu, na watu wakasali chini ya mahema na vivuli vya kutundika. Wachimbuzi nao waliona dalili zile zile: nguzo za jiwe moja hazikuuhimili ukumbi, na dari ikashuka. Ukumbi wa zamani, ule mdogo wa dari bapa, ulioonekana haba mbele ya macho ya mtu aliyeiona Makka, ulikuwa umesimama karne mbili au zaidi kabla yake. Ule mpya haukumaliza karne yake.

Kwa miaka mingi watu wa Kilwa walisali hivyo, jua na mvua, kando ya kifusi cha jengo lililokusudiwa kuwa fahari ya pwani. Mwanzoni mwa karne ya 15, katika utawala wa Sultani Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, alitokea mtu mmoja wa ukoo wa kifalme, haji, akamwomba Sultani ruhusa ya kuujenga upya msikiti kwa mali yake mwenyewe. Sultani alitaka kuwa na sehemu katika thawabu, akamtolea mithkali 1,000 za dhahabu. Haji alikataa. Watu wakamshauri apokee ili asimuudhi mtawala, naye akapokea, lakini akaiweka dhahabu kando bila ya kuigusa.

Waashi wake hawakurudia nguzo za jiwe moja. Walijenga nguzo nene za pande nane kwa mawe madogo na chokaa nyingi, moja karibu na moja, na juu yake wakarudisha kuba na matao ya mapipa. Mtu aingiaye humo leo haoni wepesi aliouota Hasan bin Sulaiman. Huona msitu wa vigogo vifupi vizito, na mwanga unaopenya kwa shida kati yake. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakakaa mpaka mwaka 1512 na kuondoka. Biashara ya Sofala iliwatoka watu wa Kilwa, na mji ukapungua mpaka ukawa kijiji kati ya magofu. Mwaka 1981 magofu hayo, pamoja na yale ya Songo Mnara, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya yaliyo hatarini kwa sababu bahari ilikuwa ikilila gema na kuta zikibomoka, na mwaka 2014 yakatolewa katika orodha hiyo baada ya kazi ya kuyahifadhi. Kuba kadhaa za haji yule zingalipo juu ya nguzo zake.

Sultani al-Malik al-Adil alipofariki, haji alikwenda kwa warithi wake na kuwarudishia zile mithkali 1,000, zote kamili kama alivyozipokea.